Niliwafundisha Kusafiri kwa Baiskeli, Nikaishia Ukweni na Dumu la Rubisi

Asubuhi baada ya hotuba yangu, baiskeli haikuwepo. Mke wangu pia.

Tulieni niwape mkasa.

Mimi ni Gozbert, mkulima wa kahawa, Rubya. Kila nikimaliza mavuno hufunga mizigo kwenye baiskeli na kuzunguka Kagera siku kadhaa, kutembea tu. Georgina, mke wangu, hubaki na migomba.

Parokia ikaniomba niwaeleze watu safari hizo. Siku hiyo nilikiwasha.

"Usibebe nyumba. Nguo mbili, maji, pampu na viraka. Mlima ukikushinda, shuka usukume. Toka alfajiri. Ukisubiri uwe tayari, hutatoka."

Watu wakacheka. Georgina akanyoosha mkono kutoka benchi la nyuma.

"Na mwanamke anaweza?"

"Baiskeli haiulizi," nikajibu. Makofi.

Kumbe najichimbia kaburi.

Kulipokucha nguo zake mbili hazipo, pampu haipo, simu haipatikani. Jirani alimwona akielekea Bukoba, mizigo imefungwa vizuri.

Kwetu mwanamke akitoka hivyo tunasema amenoba, yaani amemkimbia mume. Nililia, sifichi. Nilimpenda Georgina na niliona nimempoteza.

Jambo kama hilo hupigi simu ukweni. Unakwenda na pombe, unaomba mkeo. Siku ya pili nikamchukua baba mdogo Kahangwa na dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, tukaenda kwao Kaagya.

Baba mkwe aliliangalia lile dumu.

"La nini?"

"Tata, nimemfuata aliyenoba."

"Amenoba? Alisema amekuja kutusalimia. Na kwamba wewe mwenyewe ulimruhusu, mbele ya parokia nzima."

Baba mdogo akakohoa.

Nikataka kulibeba dumu langu, nikazuiwa. Rubisi ikishatajwa hairudi, lazima kikao kikae. Wazee wa ukoo wakaitwa, Georgina akaketishwa mkekani.

"Binti," akaulizwa, "unataka kurudi kwa huyu?"

Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Nilikuwa nirudi kesho," akasema taratibu. "Lakini tangu niolewe sijawahi kuulizwa ninachotaka. Nipeni muda nifikiri."

Ni mwezi wa pili sasa, bado anafikiri. Baiskeli anayo. Nasikia jioni huwa anaendesha mpaka ziwani.

Mke wangu alitoka matembezini. Aliyemnobesha ni mimi, kwa dumu langu.

Ndugu zangu, mkeo akitoka, uliza amekwenda wapi kabla hujabeba pombe. Na wewe ukitaka kutoka, muulize kwanza kama na yeye angependa kwenda.