Historia ya Dera Kama Alivyoisimulia Mwongo

Nilimtambua kwa sauti kabla sijamwona uso. Nilikuwa nakula mchana katika mgahawa wa Waswahili pale Dengfeng, mtaa wa Waafrika jijini Guangzhou, China, nimeipa meza ya dirishani mgongo, na nyuma yangu mzee mmoja alikuwa anawasimulia wafanyabiashara wanne kutoka Dar habari za Dubai ya zamani. Lafudhi ya Unguja iliyochanganyika na Kiarabu cha Ghuba, na kile kikohozi kidogo kila anapotaka watu wacheke. Kwa karibu miaka thelathini nilikuwa nakiombea kikohozi kile kimkabe.

"Hiyo minara mnayopigia picha," alikuwa anasema, "mimi nimekuta mchanga, wallahi. Baba yangu alipohamia Dera, upande wa sokoni pale Dubai, maji yanaletwa na punda, yanauzwa kwa debe. Watu wanazamia lulu. Na ile khori, ule mkono wa bahari unaoingia katikati ya mji, umejaa mchanga, chombo kikubwa hakipiti. Mtawala akakopa fedha akauchimba. Hata mafuta bado hayajaonekana! Ndipo meli zikaja, ndipo mkaisikia Dubai."

Mpaka hapo hakusema uongo. Bandari ile ilijengwa na watu wenye akili na subira, na sitawanyima haki yao kwa sababu ya mtu mmoja. Nikaendelea na wali wangu.

"Kisha wakaja kinamama wa Kariakoo," akaendelea. "Hawajui Kiarabu, hawajui Kihindi, wameshika vibegi tu. Nani aliwapokea? Sisi. Tuliwafungulia milango."

Hapo nikarudisha tonge sahanini. Mmoja wa wale kinamama alikuwa mama yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa aliponichukua Dera mara ya kwanza na ya mwisho. Tulifikia hoteli ya bei rahisi nyuma ya soko, wanawake sita chumba kimoja. Asubuhi tunavuka khori kwa abra, vile viboti vya abiria, jioni tunarudi na maboksi. Ukingoni bidhaa zilikuwa zimepangwa wazi, friji, matairi, magunia ya mchele, hakuna mlinzi na hakuna anayegusa. Mama alinionyesha kwa fahari kana kwamba mji ni wake. "Huku mtu haibi," aliniambia.

Usiku kazi yetu ilikuwa kubandua. Kila seti ya vyombo na kila taa ilikuwa na kibandiko cha kiwandani, na mteja wa Kariakoo alitaka mali ya Dubai, si mali ya mahali asipopajua. Kwa hiyo tulikaa chini na pamba na asetoni ya kucha, tukivifuta kimoja kimoja mpaka vichwa vinatuuma. Wenye maduka nao walikuwa na lao. Walibandika karatasi ya duka juu ya ile ya kiwanda, na ole wako uifunue. Mama alikuwa ananunua taa kwa mzee huyu, wakati huo mwanamume wa makamo mwenye duka la tatu kutoka kituo cha abra. Karatasi ya duka lake ilipobanduka, chini yake kulikuwa na karatasi ya kiwanda yenye mstari wa maandishi ya Kichina na tarakimu za simu.

Mwanamke mjanja angeificha karatasi ile kifuani. Mama yangu hakuwa mjanja, alikuwa mdadisi. Kesho yake alikwenda nayo mpaka dukani, akamwekea mezani yule yule aliyeificha, akamuuliza, "Kaka, hapa pameandikwaje?"

Akaichukua, akaikunja, akaitia mfukoni. Akakohoa. "Dada, wewe nunua maziwa. Zizi halikuhusu."

Tukacheka sote, na mama akacheka. Kufika saa sita hakuna duka lililotuuzia. Tulipoingia, mwenye duka anainuka, anashika mlango. Mmoja ndiye aliyetuambia kwamba mama ametangazwa mwizi wa madukani. Mama alirudi mbio kwa yule kaka, jasho linamtoka, akasimama mlangoni mbele ya wateja. "Nimeiba nini?" Akamjibu, "Mwenyewe unajua." Jioni wenzetu chumbani walivuta mikoba yao karibu na mito, bila kutuangalia.

Habari ilifika Kariakoo kabla ya ndege yetu. Mama aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo, na kila kikao cha upatu alichokaribia kilinyamaza. Aliuza vitumbua mlangoni. Alikufa akiwa na jina lile, na kwenye msiba wake nilisikia mwanamke akimwambia mwenzake, polepole kama anayesoma dua, "Ndiye yule wa Dubai." Tangu siku hiyo nilitaka jambo moja tu: jina la mama lisafishwe na aliyelichafua, kwa mdomo wake mwenyewe. Nilitaka pia aumie. Sitajifanya malaika.

Guangzhou, huku zilikotoka taa zile, nilikuja kwa hasira, nikakaa kwa kazi. Leo mimi ni ajenti. Nawapeleka wanunuzi viwandani, nawatafsiria, nahakikisha mzigo wao unafika bandarini Huangpu na alama zao zinasomeka. Watu wangu hawapiti tena Dubai. Na Dubai yenyewe haikulia. Ilikwisha kuhama ukingoni mwa khori, ikajijengea bandari kubwa jangwani na maduka yenye baridi ya kutetemesha, ikaanza kuuza mandhari na vyumba vya ghorofa ya arobaini. Waliobaki wanapiga miayo ni wenye maduka ya Dera kama yeye.

Nilipomaliza kula nikaenda mezani kwao. "Shikamoo mzee wangu." Chuki yangu ina adabu.

"Marahaba, binti. Wa wapi?"

"Kariakoo."

Alifurahi mno. Wanawe wamechoka na duka, akasema, wateja wamekatika, sasa amekuja mwenyewe kutafuta taa kwenye chanzo, na maonyesho ya biashara kule Pazhou yanaendelea, na Kichina hajui neno. Chanzo! Alilitamka bila haya. Wale wafanyabiashara wa Dar, wanaoijua kazi yangu, wakamwonyesha kwamba mimi ndiye mtu wa kumsaidia.

"Nitakupeleka kesho," nikasema.

Kumbi za Pazhou zinachosha hata kijana. Nilimtembeza saa mbili kabla hatujafika upande wa taa, na kila alipoomba kupumzika nilimwambia bado kidogo. Banda la kwanza, laoban, yaani bosi wa kiwanda, alisimama kutupokea kwa heshima. Mzee akatoa kadi kwa mikono miwili, akaniambia, "Mwambie mimi ni mtu wa Dera, miaka hamsini sokoni."

Nikamwambia laoban, kwa Kichina na kwa tabasamu, "Huyu ni mwizi. Jihadhari naye."

Laoban akanitazama mimi, akamtazama yeye. Mzee akainamisha kichwa akasema "xie xie", asante, neno nililomfundisha kwenye metro, treni ya chini ya ardhi. Nilifurahi.

Wale wa taa karibu wote wanatoka mji mmoja na wana kundi moja la simu. Banda la pili niliyasema tena. La tatu sikuhitaji. Kijana wa pale alishika kamba ya mlangoni akasema "mei you", hakuna, huku taa mia zinawaka nyuma yake. La nne hakuna. La tano hakuna. Mzee alianza kujiangalia kanzu, labda ina doa.

Tulipokuwa tunarudi, ndani ya metro, aliuliza. "Binti, uliwaambia nini watu wale?"

"Niliwaambia wewe ni mwizi."

Akanigeukia. "Mimi? Nimeiba nini?"

"Mwenyewe unajua," nikamjibu. Nikamtajia mama yangu kwa jina, kwa jina la baba yake, na kwa mtaa. Nikamwambia habari ya karatasi.

Akalirudia jina lile kwa sauti ndogo, na naamini alijaribu kweli kukumbuka. "Simkumbuki," akasema. "Walikuwa wengi, mwanangu. Kila aliyeuliza habari ya maandishi yale tulimwita mwizi. Ndivyo tulivyofanya. Wangejua China, nani angekuja tena Dera?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kiburi. Kwamba mama yangu alikuwa mmoja tu katika safu, hilo sikuwa nimejiandaa nalo, na lilinichoma kuliko yote. Nikatoa simu, nikaiweka mbele ya mdomo wake.

"Sema hayo hayo. Na jina lake ulitaje mara mbili."

"Nikisema, utarudi Pazhou uwaambie ukweli wangu?"

"Sema kwanza."

Akasema. Alisema vizuri, maana kusimulia anajua: kwamba mama hakuiba hata sindano, kwamba waliogopa karatasi, kwamba anaomba radhi kwa watoto wa marehemu na kwa Mungu. Sauti ile nikaituma kwenye kundi la wazee wa upatu, wale waliobaki. Kabla hatujafika kituo chetu majibu yalikuwa yameanza kuingia. Mmoja alilia mpaka maneno hayakusikika. Mwingine aliandika kwamba siku zote alijua, na huyo nilimwacha bila jibu.

Asubuhi iliyofuata mzee alinisubiri nje ya mlango wa metro kama nilivyomwelekeza, kanzu safi, kadi zake mkononi, tayari nikamsafishe jina kule Pazhou. Nilimwona kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa anamtazama kila mwanamke anayepita, kama hana hakika na sura yangu. Nikageuka nikaenda Huangpu, nilikuwa na kontena la mtu la kupakia.