Pingu za Shahidi

Saa tisa alasiri, Manika, katika mji wa migodi wa Kolwezi, Kongo. Nje pikipiki za teksi zinagombania abiria, lakini ndani ya ukumbi wa video wa Mama Huguette Numbi watu sitini hivi wametulia kwenye mabenchi. Kwenye skrini, inspekta mmoja Mzungu anapanda ngazi akihema. Mama Huguette, miaka hamsini na tisa, ameketi kando, kipaza sauti mkononi.

"Eh, muangalie uyu tata," anasema. "Amechoka sababu bibi yake hakumupikia bukari."

Ukumbi mzima unacheka. Inspekta, bila shaka, hakutamka neno lolote kuhusu bukari, yaani ugali.

Hii ndiyo kazi yake kwa zaidi ya miaka thelathini: kutafsiri filamu za Kifaransa kwa Kiswahili cha Kolwezi, papo kwa papo, sauti zote peke yake, kuanzia majambazi hadi watoto wachanga. Kiingilio ni faranga mia tano. Siku umeme wa bwawa la Nzilo ukikubali, anarudi nyumbani na chakula cha siku mbili. Ukikataa, anarudi na njaa yake.

Wateja wanajua kwamba huwa anaongeza chumvi. Wasichojua wengi ni kwamba siku moja chumvi hiyo iliokoa nyumba ya watu.

Ilikuwa mwaka 1993. Migodi ilikuwa hoi, mishahara imegeuka hadithi, na wanaume wasio na kazi walijaa ukumbini tangu mchana. Kwenye mikutano ya siasa walikuwa wameshaonyeshwa wa kulaumiwa: Wakasai, watu wenye asili ya jimbo la Kasai, ambao babu zao waliletwa kufanya kazi migodini. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Familia moja baada ya nyingine ilitolewa nyumbani, ikaenda kulala stesheni kusubiri treni.

Mwenye ukumbi wakati huo alikuwa Tata, yaani Baba, Ntambwe, Mkasai, fundi wa redio na televisheni. Aliishi nyuma ya ukumbi, na juu ya bati lake ilisimama antena ndefu kuliko zote mtaani. Mkewe, Mbombo, alikuwa na mimba ya miezi tisa.

Alasiri moja, Ntambwe akiwa ameketi ukumbini, iliwekwa kaseti ya tamthilia ya zamani ya polisi. Hakuna aliyekuwa ameitazama kabla. Inspekta anamsaka jasusi, na kadiri hadithi ilivyokwenda Mama Huguette akaona inakoelekea. Jasusi ni fundi wa redio, mgeni aliyeishi mtaani miaka thelathini, kipenzi cha majirani. Siri anazituma kwa antena iliyo juu ya paa lake.

"Mi niliona bantu banaanza kugeuka," anakumbuka. "Hapana kuangalia televisheni tena. Banaangalia Tata Ntambwe. Kijana mumoja akasema, 'Ata ya kwake iko murefu vile.' Roho yangu ikakufa."

Basi akadanganya, akatoa bongo, kama uongo unavyoitwa Kolwezi. Fundi hana kosa, alitangaza. Antena yake inatafuta habari za kwao tu. Jasusi ni yule jirani anayemsingizia.

Tatizo ni kwamba picha haidanganyi. Inspekta akatoa pingu, akafunga mkono wa fundi pamoja na wake mwenyewe.

"Eko namufunga juu ya nini?" mtu akapaza sauti.

Mama Huguette akasogeza kipaza sauti mdomoni. "Uyu ni shahidi," akajibu. "Kule kwabo, shahidi anafungwa na polisi mukono kwa mukono, juu basimuibe mu njia."

Kisha mzee mmoja akaguna kwa kuridhika: "Bazungu beko na akili." Watu wakatawanyika, na hakuna aliyepanda juu ya bati la Ntambwe kung'oa antena.

Uongo huo haukusimamisha mambo. Siku ya kumi na moja baada ya alasiri hiyo, Wakasai wote wa mtaa walipewa saa mbili waondoke. Lakini siku ya tisa Mbombo alikuwa amejifungulia kitandani kwake, maji ya moto yakiwa jikoni. Kule stesheni wanawake walizalia kwenye saruji, na Mama Huguette aliona vichanga vikizikwa kando ya reli. Akifika hapo katika kusimulia, huongea polepole.

Aliwapelekea uji wakisubiri treni. Kuhusu kaseti hakusema kitu. Alikuwa amesahau kwamba Ntambwe alisoma kwa mapadri, na Kifaransa alikijua vizuri.

"Alikamata mukono yangu, akaufunga na yake na kitambaa," anasema. "Akaniuliza, 'Mama Huguette, shahidi anafungwaka pingu?' Tukacheka. Alafu tukalia. Akaniachia ufunguo ya hii nyumba. Hapana yangu, niko nachunga tu."

Ntambwe alifariki Mbuji-Mayi, huko Kasai. Mtoto wa siku ya tisa, Mujinga, sasa ni mama wa watoto wawili, na Agosti atafika Kolwezi kwa mara ya kwanza tangu akiwa mgongoni. Mama Huguette anataka kumkabidhi ufunguo, kisha waitazame kaseti ile, ambayo ameitunza ndani ya kopo la maziwa. Kwenye simu alimwahidi kwamba safari hii atatafsiri neno kwa neno, kwa kuwa hatari imepita.

Mujinga alikataa. Alijibu kwa Kifaransa, na tafsiri ni ya Mama Huguette mwenyewe:

"Mama, ile ya kweli ibakie mu kopo. Mi nilizaliwaka mu ile ya bongo."