Mwavuli wenye taa tulioubuni mimi na baba Bariadi, enzi za soko huria

Wakuu, mwadila.

Kwa wasio wa kwetu, hiyo ni salamu ya mchana kwenda jioni. Itikieni tu "mwadila" yaishe.

Najua humu kuna watu wakiona uzi mrefu wanauliza summary iko wapi. Haipo. Ila sitaongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitausema ulivyokuwa, maana huo ujinga ndio ulionileta.

Kilichonichokoza ni hiki. Wiki iliyopita nimeingia duka moja hapa Bariadi mjini, nikaona mwavuli mkubwa wa bustani, una vitaa kwenye kila ubavu na sola ndogo kwenye kilele. Kijana muuzaji ananiambia, "Mama, hii ni teknolojia mpya kabisa."

Mpya! Mwanangu, mimi na baba yangu tuliutengeneza huo mwavuli uani kwetu wewe hujazaliwa. Sikumwambia. Nimerudi nyumbani nikakaa nao moyoni siku tatu, leo nautoa.

Turudi miaka ya tisini. Simiyu kama mkoa haikuwepo, Bariadi tulikuwa wilaya tu ya Mkoa wa Shinyanga. Soko huria ndiyo linaingia.

Mliokuwepo mnakumbuka. Maduka yaliyokuwa na sabuni za mche na viberiti tu, ghafla yana soda za rangi zote. Marobota ya mitumba yanafunguliwa chini watu wanagombania suruali za Ulaya. Vibanda vya video vinapiga kelele mpaka mtu wa kanisani jirani hasikii mahubiri. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nina cherehani ya kuazima kwenye baraza ya duka moja karibu na stendi, na naona dunia yote imefunguliwa kwa ajili yangu. Jamani, nilikuwa na raha mimi!

Nyumbani mambo yalikuwa mengine.

Baba, Mzee Maduhu, alikuwa fundi umeme wa jinari ya ushirika, kile kiwanda cha kuchambulia pamba, kwa zaidi ya miaka ishirini. Wanunuzi binafsi walipoanza kununua pamba, jinari ikapungukiwa kazi, na baba akawa kwenye orodha ya waliopunguzwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi na utani, anakupigia hadithi moja mpaka chai inapoa. Baada ya barua ya kupunguzwa akanyamaza. Unamsalimia, anaitikia, basi. Anakaa kwenye benchi uani anaangalia bisibisi zake.

Mama ndiye aliyeniambia wamepanga nini. Msimu wa pamba ukiisha baba hajapata kazi ya mikono yake hapa mjini, wanahamia Zagayu, kijijini kwao baba, kwenye shamba la babu.

Kulima si aibu, tusielewane vibaya, sisi wote tumekuzwa na pamba. Ila baba aliondoka Zagayu kijana, akawa wa kwanza kwao kuitwa fundi. Kurudi na godoro kichwani kulikuwa kunamla ndani kwa ndani, na mimi nilikuwa nakiona.

Sasa siku moja akaja pale barazani kwangu mnunuzi mmoja wa pamba, mtu wa pick-up mpya, miwani myeusi. Tumwite Bosi, inatosha. Akauliza kama naweza kumshonea miavuli mikubwa ya kuweka kwenye vituo vyake vya kununulia vijijini. Nikasema naweza, ingawa maisha yangu yote nilikuwa nimeshona sketi na sare za shule.

Akasema, "Na iwe na taa humo humo ndani. Foleni zinakwenda mpaka jioni, na karabai upepo ukivuma unaizima."

Miavuli kumi na miwili. Ila kwanza nimletee mmoja wa majaribio, usimame kituo chake cha Zagayu kutwa nzima mpaka jioni. Ukifanya kazi, oda ni yangu.

Nikaenda nyumbani mbio. Nikamweleza baba. Akaendelea kuangalia bisibisi zake. Nikaanza kuondoka. Halafu nyuma yangu nikasikia:

"Taa ngapi?"

Wakuu, nilitamani kulia pale pale.

Wiki mbili zilizofuata ndizo nilizozikumbuka pale dukani. Baba alirudi! Anaamka kabla ya jogoo, anachora kwenye udongo kwa kijiti, anafuta, anachora tena. Mlingoti tukautengeneza kwa bomba la maji, waya zikapita ndani yake zisionekane. Chini rimu ya lori iliyojazwa zege. Mbavu nane alichomelea rafiki yake. Betri ya lori ikakaa kwenye kisanduku kwenye mguu wa mwavuli. Vibalbu vinne vidogo kwenye mbavu, vya kuwafanya watu waonane sura, kila kimoja kimevalishwa kofia ya bati aliyoikata kwenye makopo.

Halafu taa kubwa, moja. Balbu ya taa ya mbele ya gari, kwenye mkono wa chuma unaozunguka, umekazwa kwa nati yenye masikio unayoifungua kwa vidole.

Nilimwuliza kwa nini isiwe mbili, moja ya meza ya Bosi na moja ya mizani. Akasema betri haitafika jioni. Ni moja, na inaangalia mizani.

"Mkulima aone mshale wake mwenyewe, mayu," akaniambia. Baba alikuwa akifurahi ananiita mayu, kama ananiita mama yake.

Upande wa kitambaa ulikuwa wangu, na hapo ndipo tulipofanya kichekesho. Nilitumia marekani nzito, pamba tupu, vipande nane, na pembeni nikaweka pindo la kuning'inia kama la pazia, nilijiona mbunifu haswa. Baba akasema lazima tuipake kitu isipitishe maji. Nikamwuliza mvua gani mwezi wa saba? Akasema mwavuli usiozuia mvua huo ni kofia.

Sasa mtu wa jinari atapaka nini? Mafuta ya mbegu za pamba, jamani! Akayachemsha na mishumaa, tukapaka kitambaa chote, tukaanika siku mbili. Kikawa na rangi nzuri ya asali. Harufu ilikuwepo, ya mashudu, ila sisi tumezaliwa ndani ya hiyo harufu, nani angeinusa?

Maksai wa Zagayu waliinusa.

Siku ya majaribio tulisimamisha mwavuli asubuhi, watu wakashangaa, ndugu za baba wakaja kumpa mkono. "Fundi wetu huyu!" Baba kavaa koti lake la kazini. Foleni ya mikokoteni ya pamba inasogea taratibu. Mchana, mkokoteni mmoja ukasimama sawa na sisi, na maksai mmoja akainua pua, akanyoosha shingo, akalamba pindo langu. Akalipenda. Akalishika kwa meno akavuta.

Kabla hatujafika, vipande viwili vya mwavuli viko mdomoni mwa ng'ombe, na mwenzake naye anasogea. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hata Bosi alivua miwani. Na baba, wakuu, baba yangu alicheka mpaka akashikilia mlingoti, machozi yanamtoka. Sijawahi kusikia kicheko kitamu namna ile.

Bosi akasema kitambaa kitabadilishwa, hilo dogo, anachosubiri ni taa. Mimi nikapumua.

Jua likazama, foleni bado ndefu. Baba akawasha swichi. Uwii! Watu walipiga vigelegele. Uso wa mizani unaonekana kama mchana. Baba akaridhika, akaniambia anakwenda mara moja kwa shangazi, nyumba ya pili tu, kunywa uji, hajala tangu asubuhi. Akaniachia mwavuli.

Hakupotea dakika mbili Bosi akanisogelea. Akaongea kwa upole, nakumbuka.

"Dada, hii taa inatakiwa kwenye meza yangu. Mizani karani wangu ameizoea. Igeuze, kesho tunaandika oda."

Wakuu, nisingizie nini? Sikuwa mtoto. Nilijua kwa nini baba aliielekeza kule. Lakini niliwaza kumi na miwili, nikawaza baba asibebe godoro kuja hapa, nikawaza na cherehani yangu mwenyewe, tusidanganyane. Nikapanda kwenye kisanduku, nikalegeza nati, nikageuza mkono wa taa, nikakaza. Meza ya Bosi ikang'aa. Mizani ikabaki kwenye kiza, vile vibalbu vidogo havikuisaidia kitu. Watu walikuwa wanapakua mizigo, hakuna aliyeniona zaidi ya Bosi.

Yakapimwa mafurushi ya watu watatu. Wa tatu alikuwa Mama Nkwimba, mjane, anayechambua pamba yake jani moja moja mpaka inang'aa. Karani akataja kilo. Mama yule akasimama tu. Akasema taratibu, "Hii siyo pamba yangu yote, mwanangu." Karani akamwambia asogee.

Hapo baba akarudi.

Aliangalia taa. Akaangalia mizani. Hakuuliza mtu. Akapanda, akairudisha taa mahali pake, akamwambia karani apime tena la Mama Nkwimba. Karani akamwangalia Bosi, lakini watu walishasogea, ikabidi apime. Mshale ukasimama mbali na pale alipotaja. Mbali sana. Na sasa kila mtu anauona.

Zogo likaanza. Wale wawili wa kwanza nao wanarudisha mafurushi yao, watu wanasukumana, na sauti moja ikapanda juu ya nyingine zote: "Nani kageuza taa? Nani?"

Nilikuwa nimeshikilia kipande cha mwavuli kilichochanika. Bosi akanitazama. Baba akaona Bosi ananitazama, nami nikaona kwamba ameona.

Akasema kwa sauti, "Mimi. Nimekosea kufunga. Nati sikuikaza vizuri, mkono ukageuka wenyewe."

Fundi wa zaidi ya miaka ishirini, mtu aliyefunga mitambo ya jinari nzima, mbele ya ndugu zake, anasema hajui kukaza nati.

Wengine walimwamini wakamcheka. Wengine wakasema amenunuliwa na Bosi. Mjomba wake mmoja alitema mate chini akaondoka. Bosi alifunga kituo, akamwambia baba kwamba mwavuli wake hauna kazi, na oda ikaishia pale.

Njiani kurudi Bariadi baba hakuniuliza chochote kuhusu ile taa. Nilisubiri anitukane. Hata kunigombeza kidogo, ningeshukuru. Aliniuliza kama nimekula.

Msimu ulipoisha walihamia Zagayu. Alikwenda kuishi katikati ya watu walioamini aidha hajui kazi au ni mwizi. Ilichukua miaka mpaka wakaanza tena kumwita awafungie waya. Mimi nilibaki mjini, nikapata cherehani, nikaolewa, biashara ikakua. Kila nikienda kumsalimia najiambia leo nitasema mbele ya wale wajomba. Nafika, nakula, tunacheka habari za yule maksai, naondoka sijasema. Na yeye hakuwahi kuligusa, mpaka anakufa.

Kwenye msiba wake, mnajua watani wa kwetu. Mmoja akasimama akasema tumeleta fundi wetu, huko aendako wasimpe kazi ya taa, itageuka yenyewe. Msiba mzima ukacheka.

Na mimi nikacheka nao. Mtoto wake wa kuzaa. Nilikuwa na mdomo, kaburi lilikuwa bado halijafukiwa, na nikacheka.

Nilichojifunza sitakipamba. Mtu akibeba kosa lako, usimwache afe nalo ukisubiri siku nzuri ya kusema. Mimi nilipewa miaka kumi na minne ya siku nzuri.

Basi, watu wa Zagayu, Lalago, Sola na kote mliko, mwenye ndugu aliyekuwa kwenye foleni ile amsomee hapa: Mzee Maduhu alikaza nati yake vizuri. Mimi binti yake ndiye niliyeilegeza.

Nipo, sikimbii. Mwenye swali aulize, mwenye kunisema aniseme. Na kama kuna mjukuu wa Mama Nkwimba humu, naomba uanze wewe.