Kiti cha Juu Bwawani

Tangu Jumatatu Babu Filimbi hakutulia. Alipanda kiti chake cha juu, akashuka, akazunguka bwawa la kuogelea, akapanda tena, utadhani kiti kina miiba. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mwokoaji hapo, na alizoea kutupa jicho mara moja tu akajua nani anacheza na nani anazama. Watu wanne aliwatoa majini kwa mikono yake. Sifa hizo alizipenda, tusimfichie.

Jumatatu hiyo alipuliza filimbi, akajitosa na viatu vyake, akaibuka amekumbatia taulo la buluu. Bwawa zima liliangua kicheko. Naye alicheka, lakini hofu ilikuwa imemwingia.

Daktari wa macho alimpima, akamwambia, "Macho yako hayana ugonjwa, mzee. Ni umri tu. Mng'aro wa maji unakusumbua kuliko zamani, na penye vitu vingi unachelewa kuvitenganisha. Miwani haitaondoa hilo."

"Nachelewa kiasi gani?"

"Kidogo tu. Hata usijali."

Kidogo tu! Kwa msoma gazeti, sawa. Lakini mtoto anayezama ana muda gani wa kusubiri?

Ijumaa, bwawa likiwa limejaa watoto wa likizo, alimvuta pembeni mwenzake wa zamu, msichana ambaye yeye mwenyewe ndiye alimfundisha kazi.

"Mwanangu, kesho mjukuu wangu anakuja kuogelea. Nisaidie, umwangalie wewe. Mimi nitabaki na hawa wengine."

Msichana aliinamisha kichwa. Alimheshimu mno mzee huyo, lakini akajikaza.

"Babu, kwani hawa wengine si wajukuu wa watu?"

Hasira zilimpanda Babu Filimbi. Akageukia bwawa. Jua lilikuwa la utosi, na vichwa, mipira na mapovu vilichanganyika kama nguo kwenye beseni. Akahesabu vichwa.

"Kumi na tisa," alisema.

"Ishirini na wawili, Babu."

Akahesabu tena, taratibu, midomo ikimcheza. Ishirini.

Alivua filimbi shingoni, akamvisha msichana. "Panda," alimwambia.

Kisha akaenda kuketi kwenye ngazi za upande wa kina kifupi, miguu ndani ya maji, akiwahesabu upya watoto kwa kidole, mmoja mmoja.