Stelingi Tuliyoivuta Wawili

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikikaa peke yangu inanirudia yenyewe. Nilikuwa dereva kijana wa lori la pamba, na pembeni yangu alikaa Minza, mke wangu, ambaye ng'ombe wa mahari yake walikuwa wamepokelewa kwao Lingeka wiki ile ile. Nilikuwa namleta kwangu Dutwa. Mwenye lori hakutaka kusikia habari za harusi katikati ya msimu, kwa hiyo bibi harusi alisafiri na mzigo, na ilibidi tupitie kwanza kiwandani Bariadi kushusha pamba.

Wewe umezaliwa ukakuta stelingi inazunguka kwa kidole kimoja, huku kidole kingine kinachezea simu. Lori lile halikuwa na mchezo huo. Kukata kona ulijiinua kwenye kiti, ukavuta kwa mabega na kwa tumbo, na jioni ulishuka umelowa jasho kama mtu aliyeshinda shambani. Sitaki kukudanganya kwamba ilikuwa raha. Lakini njia uliijua, kwa sababu kila jiwe lilikuja mpaka mkononi.

Pale kwenye lango la kiwanda, malori yalikuwa yamepanga foleni, na ardhi ilikuwa na mifereji ya matairi iliyochimbika wakati wa mvua ikakauka ikawa ngumu kama saruji. Tairi la mbele likaingia kwenye mfereji, stelingi ikajizungusha kwa nguvu na kunipiga kidole gumba. Nikaona giza. Lori likasimama kiupande mlangoni, nyuma wananipigia honi, nami navuta kwa mkono mmoja wala haliendi popote. Minza alifunga khanga yake vizuri, akashika stelingi kwa mikono yote miwili, mikono ya mtu aliyeshika jembe tangu utoto, akasema, "Vuta upande wako, na mimi navuta huku."

Wapakuaji wa pamba waliangua kicheko. Mzee Masanja, dereva mkongwe aliyetufundisha kazi wengi wetu, alishuka kwenye lori la nyuma yangu, akaja mpaka dirishani. Nilidhani na yeye amekuja kucheka.

"Bebe!" akanifokea, yaani wewe kwa Kisukuma. "Nani alikufundisha kupinda gari limesimama? Liache litembee kidogo kwanza, ndipo ulipinde. Na hicho kidole gumba kisikae ndani ya stelingi, nimekwambia mara ngapi?" Kisha akamtazama Minza, akapoa. "Na huyu mwache ashike. Kwa stelingi hii, wewe peke yako bado."

Niliachia klachi taratibu, lori likajongea, tukavuta wote wawili. Tukaingia langoni kwa makofi ya watu wale wale waliokuwa wanacheka.

Basi huo ukawa ndio mtindo wetu. Miaka ilipokwenda nilijinunulia pikapu kuukuu, nayo stelingi yake ngumu vile vile. Tulikwenda nayo kanisani, mnadani, Nkoma kwa dada yangu, na Lingeka kuwasalimia wakwe. Kwenye kona kali sikuwa na haja ya kumwambia. Mkono wake ulikuwa umeshafika. Hata siku tulizogombana asubuhi hatuongei, kona ya kanisa ilitulazimisha kushika kitu kimoja, na tukifika nyumbani hasira imeshapungua. Nimeona ndoa nyingi, mwanangu, na wengi hawakuwa na kona kama ile.

Kisha mtoto wetu Shija akapata kazi nzuri Bariadi, akaja na gari jipya. Lilikuwa na kila kitu. Alilizungusha uani kwa kiganja kimoja ili tuone, nasi tukamsifu, maana ni mtoto wetu. Siku za ibada akawa anakuja kutuchukua. "Mama, kaa nyuma upumzike," anasema, na kweli kiti cha nyuma kilikuwa laini. Minza alikaa huko, mikono mapajani, akitazama dirishani. Mimi mbele, yeye nyuma, redio katikati. Tukawa wageni ndani ya gari la mtoto wetu.

Minza alipoanza kuumwa, alilazwa hospitali Bariadi. Mchana mmoja, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, akaniambia, "Baba Shija, nikitoka hapa unipeleke kwetu Lingeka. Lakini twende na pikapu yetu, si gari la Shija. Nataka niishike ile stelingi tena wakati mikono bado inanikubali."

Nilimwambia, "Daktari akikuruhusu tu, tunaondoka." Aliniomba vitu vichache sana katika maisha yetu, na hicho kilikuwa kimoja.

Daktari alimruhusu. Tulifika nyumbani tukakuta uwanja mweupe. Pale pikapu ilipokuwa ikilala palikuwa na doa la oili na kuku wanaparura. Shija akatupokea anacheka kwa furaha.

"Nimeiondoa, baba. Ilikuwa inakutesa mabega bure. Watu wa vyuma chakavu wameikata asubuhi, wamepakia vyote. Sasa mkitaka kwenda popote nipigieni simu mimi."

Nilimtazama Minza. Niliona uso wake ukianguka, mwanangu, na nikaona anauokota tena kwa ajili ya mtoto. "Wabeja, ng'wanawane," akamshukuru. Asante, mwanangu. Akaingia ndani akalala akiwa ameelekea ukutani.

Lingeka tulikwenda, na gari la Shija, Minza amelazwa kiti cha nyuma juu ya mito. Pamba ya mwaka ule haikuvunwa akiwepo. Tumemzika hapa nyumbani.

Baada ya matanga Shija alinikuta nimekaa uani, akataka kujua kwa nini tangu msiba simsemeshi. Nikamweleza aliyoyasema mama yake hospitalini. Alilia. Kisha akaniuliza, "Kwa nini hamkuniambia, baba?"

Nikamjibu, "Ulituuliza?"

Upendo wangu kwake haukupungua siku ile, lakini moyo wangu ni mchungu na bado ni mchungu. Watu wananiambia nisamehe, kijana alikuwa na nia njema. Ninajua alikuwa na nia njema. Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu mwizi ningemkasirikia yakaisha.

Kwa hiyo sikiliza ninachokuachia. Mzazi wako akihangaika na kitu kigumu, jembe, baiskeli nzito, jiko la kuni, usikimbilie kukiondoa. Kaa naye kwanza, umuulize anakipendea nini. Huenda kinamtesa kweli, na atakwambia chukua. Huenda ndicho kilichobaki kinachomfanya ajione bado ana kazi duniani. Huwezi kujua kwa kutazama. Na wewe mwenye mume au mke, tafuteni shughuli moja inayowashinda kila mmoja peke yake, msiikabidhi kwa mashine wala kwa mtumishi, hata kama mnao uwezo.

Mungu akupe barabara nzuri na gari zima, mwanangu, akulinde uendako na urudipo. Na ukishazeeka, akujalie mtoto atakayekuja kukuuliza unataka nini, kisha akae asubiri umalize kujibu.