Nyumba Aliyonijengea Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alizaliwa kabla Wajerumani hawajafika kwetu. Nilipoolewa pale Itiryo, miaka ya hamsini, alikuwa mzee ambaye watu hawakukata hata mti mmoja wa nyumba bila kumwita kwanza. Kukandika hakukandika, hiyo ni kazi yetu wanawake. Yeye alifika, akazunguka kiwanja, akauliza maswali ya kuudhi, kisha akachora duara kwa kisigino. Nyumba ilisimama pale pale alipochora. Kutoka kwetu hadi Gorong'a nilizitambua nyumba zake kwa mbali, kwa jinsi paa lilivyokaa.

Mdomo wake haukuwa na breki. Nyumba ya fundi mwenzake mmoja aliiita kofia. Bati zilipoanza kuuzwa madukani Tarime, alisema anayetaka kulala ndani ya ngoma na anunue.

Kisha ikafika zamu yangu. Mume wangu alikuwa mbali, migodini, na mimi nilihitaji nyumba yangu. Kwetu Wakurya mke wa mwana na baba mkwe hawakaribiani. Sikumtazama usoni, hatukuzungumza, na tangu siku ambayo ningewasha moto wangu katika nyumba ile, yeye asingekanyaga tena ndani. Kwa hiyo maswali yake yalipitia kwa mama mkwe, nami nimejibanza nyuma ya ghala nikisikia kila neno.

"Muulize anasonga ugali kwa mkono gani."

"Unasonga kwa mkono gani?" mama mkwe akaniuliza, amebana kicheko.

"Wa kushoto, mama."

"Wa kushoto, anasema."

"Nilijua. Mlango tutausogeza."

Kwa mkono ule nilikuwa nimekaripiwa tangu utotoni. Huyu hakunikaripia, alisogeza mlango ili mwanga uuangukie. Tena chini ya paa, upande ambao upepo unaelekea, aliacha uwazi mwembamba wa kutolea moshi. Kwa mama yangu nilipika nikilia kila jioni. Katika nyumba hii nilipika macho yamefumbuka, na nilimpenda mzee yule kwa hilo kuliko nilivyoweza kumwambia mtu.

Alikuwa na desturi yake. Masika ya kwanza yakipita, alirudi katika kila nyumba aliyoijenga, akaketi karibu na mafiga, akaangalia juu moshi ulivyopaka paa. Kabla ya hapo, kwake kazi ilikuwa bado haijaisha. Yangu hakuweza kuiingia, na ndio mwaka ambao macho yake yalianza kuingia ukungu. Hakujenga nyingine baada yake. Aliizunguka nje akipapasa ukuta, halafu akamtuma mama mkwe ndani.

"Ni nzuri," mama mkwe alitoka akasema.

"Nzuri ni ng'ombe. Moshi umepita wapi?"

"Umepita juu."

Alitema mate akaenda zake. Mimi nilikuwa ndani, nikaumia. Sikuwahi kupewa kitu kizuri kama nyumba ile, na aliyenipa angepofuka bila kuiona.

Ndipo nilipomwambia mama mkwe kwamba nitahama. Nitatoa mafiga, vyungu na ngozi ya kulalia, nitazoa hadi majivu, na siku hiyo nyumba haitakuwa yangu, naye ataweza kuingia. Alinitazama kama niliyerukwa na akili. Hata hivyo alilipeleka jambo kwa wazee wa rika la mumewe. Walibishana mpaka pombe ikaisha, wakakubali, mradi nikae mbali, na nikirudi niwashe moto upya kama mgeni anayehamia.

Nilitoa kila kitu, nikasimama nyuma ya zizi nimegeuza mgongo. Mzee alikaa mle ndani mpaka vyungu vyangu vikapata moto kwa jua. Nilimsikia akigonga nguzo ya katikati, kisha akacheka peke yake. Alipotoka alimwambia mama mkwe, kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie moshi wake una adabu. Umepita pale pale nilipouelekeza."

Nililia, mgongo nimewageuzia.

Masika yaliyofuata hakuona tena. Kila asubuhi aliketi karibu na zizi akauliza, "Amewasha?" Kabla mama mkwe hajajibu, mimi ndani nilikuwa nimeshatia ukuni mbichi motoni ili ausikie moshi mwenyewe kwa pua yake. Hayo ndiyo mazungumzo pekee tuliyokuwa nayo, yeye na mimi, kwa miaka yote iliyobaki.

Alifariki alfajiri. Nje vilio vilikuwa vimeshaanza. Niliwasha moto kwanza, nikatia kuni mbichi, nikasubiri mpaka moshi ukatoka chini ya paa. Kisha nikatoka kwenda kulia na wenzangu.