Mkono wa Baba Hewani

Saa kumi alasiri, Jumapili, na Chuo Kikuu cha Kyambogo, Kampala, kimetulia. Wanafunzi wamefua, kamba za hosteli zimejaa nguo, na kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya majengo mwanamke mmoja anafunga chupa yenye maji kidogo kwenye uzi wa kuvulia samaki. Anarudi nyuma, anaizungusha, anairusha. Chupa inapita juu ya tawi la mfenesi na kushuka upande wa pili.

"Leo imekubali mara ya kwanza," anasema Nabila Atim, 38, huku akivuta uzi ili waya mwembamba wa antena upande juu. "Wiki jana nilirusha mpaka wanafunzi wakaanza kunipigia makofi."

Anaketi kwenye mkeka na kutoa mkobani redio ndogo, haizidi nusu mche wa sabuni. Anaiunganisha na betri, anafunga kitufe cha kupigia Morse kwenye goti kwa mpira, anavaa vifaa vya masikioni. Kisha hafanyi lolote. Anasikiliza tu, macho ameyafumba, kwa muda ambao mwandishi wa makala haya, mtu asiye na subira, aliuona mrefu sana.

"Hii redio iko na wati tano," anasema bila kufumbua macho. "Balbu ya chumbani kwako inakula zaidi. Ukiwa na nguvu kidogo huwezi kuingia na kelele. Lazima usikilize kwanza nani anaongea, wapi kuna nafasi, ndiyo upenye."

Halafu kidole chake kinaanza kugonga. Nukta, mistari, nukta. Anatangaza jina lake la hewani, lile lililoandikwa kwenye leseni yake ya redio ya ridhaa, kisha anaita kituo kimoja tu, mbali kaskazini, ng'ambo ya Kitgum kuelekea mpaka wa Sudan Kusini. Huko kuna redio nyingine kama hii, na mwenyewe ni Mzee Oloya, baba yake.

Jibu linakuja. Atim anatikisa kichwa polepole.

"Huyu ni Abalo, mke wa kaka yangu. Anasema simsim imeota vizuri na mbuzi mmoja amezaa." Anasikiliza tena. "Baba bado."

Siku za kazi Atim hupatikana mtaa wa Kamwokya, mjini humo humo, kwenye kibanda chenye upana wa mlango na nusu, akitengeneza ampilifaya na spika. Mtaa ule una muziki kuliko maji ya bomba, na muziki wenyewe unaunguza vyombo kila wiki, kwa hiyo kazi haimkosi. Mikono yake ina alama ndogo za kuungua kwa risasi ya kulehemu.

Jirani yake wa kibanda ni Sylvanus Wamalwa, Mkenya wa Bungoma anayeuza nyaya na plagi. Anakumbuka jinsi redio ilivyowatia watu wasiwasi mwanzoni.

"Mtu anatandaza waya juu ya paa, anakaa anagonga goti, halafu anacheka peke yake," anasema. "Wengine walisema jasusi. Wengine, ati anaongea na majini. Nikawaambia, hilo ni jini gani lisilo na kazi, la kuja kupiga soga na fundi spika?"

Si maneno ya watu yaliyomwondoa Atim kwenye paa lile. Ni vyuma vya kulehemu na chaja za bei rahisi, ambavyo hujaza hewa kelele ambayo mimi na wewe hatuisikii, lakini redio ndogo inaisikia na kuziba masikio. Ndipo akapanda Kyambogo. Mlinzi wa pale alimtilia shaka pia, akapewa asikilize kidogo, na sasa yeye ndiye anayewafukuza wacheza mpira wasikanyage waya.

Jina Atim hupewa msichana wa Kiacholi aliyezaliwa mbali na nyumbani, naye alizaliwa kambini. Baba alikuwa askari wa mawasiliano jeshini, Mkatoliki. Mama, Mwislamu, Mnubi wa Bombo. Nyumba yao ilifunga Ramadhani na kuchinja kuku Krismasi, na lugha iliyowaunganisha wote ilikuwa Kiswahili cha kambi.

Morse alijifunza mezani. Baba aligonga kijiko kwenye kikombe cha bati kwa nukta, akakikwaruza kwa mstari, na binti akajibu.

"Tulikuwa tunasengenya mboga," Atim anacheka. "Tulidhani mama hajui. Kumbe alishajua zamani, alikuwa ananyamaza tu, kesho yake anapika ile ile."

Redio yake ya kwanza aliinunua kwa mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao. Atim aliuza jenereta yake, akaongeza akiba mpaka ikafika shilingi milioni moja na nusu. Akafanya mtihani wa leseni. Baba alipostaafu na kurudi kijijini, akampelekea ya pili na paneli ndogo ya sola, na mzee naye akapata leseni kwa urahisi wa mtu anayeulizwa jina la mama yake.

Utauliza, kama nilivyouliza mimi, kwani simu imekwenda wapi? Simu ipo. Hata kijijini inashika, ukisimama karibu na ghala.

"Kwa simu baba hana maneno," Atim anaeleza. "Niko salama. Haya. Amekata. Akishika kitufe utasema ni mtu mwingine. Aliniambia juu ya rafiki yake aliyekufa akiwa bado anatuma ujumbe, ujumbe ukakatikia katikati. Mama aliishi naye maisha yote, hakuwahi kusikia hiyo."

Na kuna jambo jingine ambalo watu wa Morse wanalijua tangu zamani. Kila mtu ana mkono wake. Mmoja hugonga kwa haraka, mwingine huchechemea kwenye herufi fulani, na anayekuzoea hukutambua kabla hujasema jina, jinsi unavyomjua mtu wa nyumbani kwa hatua zake ukumbini. Mkono wa Mzee Oloya huburuta mstari wa mwisho wa kila neno. Amri za jeshini hazikuweza kumtoa tabia hiyo.

Mwaka jana, msimu wa mvua za mwisho, Atim aliita na kujibiwa kama kawaida. Jina la hewani lilikuwa la baba. Salamu zilikuwa za baba, hata "mwanangu" ilikuwepo. Ila herufi zilikuja safi mno, kila moja imekatwa sawasawa, kama daftari la mwanafunzi.

"Kabla ya neno la pili nilishajua si yeye," anasema, na hapo sauti yake inashuka. "Nikajiuliza, kama huyu si baba, baba yuko wapi? Na huyu anayejiita baba yangu anataka nini? Nilijibu tu vizuri, nikaaga."

Alipiga simu papo hapo. Niko salama, haya. Jumapili iliyofuata, mkono ule ule safi. Kibandani alifunga waya mwekundu mahali pa mweusi na kuunguza spika ya mteja, kosa ambalo hajawahi kulifanya. Sylvanus akamfungia kibanda kwa nguvu.

"Nilimwambia, dada, mficha maradhi, kifo humuumbua," anasema Sylvanus. "Panda basi. Spika za watu nitazilinda mimi."

Alifika bila kutoa habari. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake chini ya paa la nyasi, mkono wa kushoto umeushika wa kulia kwa nguvu, na wa kulia ukitetemeka ndani yake. Abalo alikuwa mbele ya redio.

Kumbe mzee alianza kumfundisha mkwe wake huyo tangu mkono ulipoanza kutetemeka, jioni kwa jioni, amwigize. Alimfundisha salamu, akamfundisha mambo ya kumwambia Atim. Askari wa mawasiliano wa miaka yote hiyo, aliyeweza kumtambua mwenzake usiku wa mvua kwa herufi moja, alisahau kwamba binti aliyemfunza mwenyewe angeweza vilevile.

"Nilimuuliza, baba, ulidhani sitajua?" Atim anasimulia. "Akasema, Abalo ana mkono mzuri. Nikamwambia, ndiyo shida yenyewe, baba. Wako si mzuri."

Abalo, niliyezungumza naye kwa simu akiwa karibu na ghala, hakujitetea. "Mzee aliniomba. Ningemkatalia vipi? Lakini kila nikiandika 'mwanangu' nilikuwa naona haya."

Hospitali moja ya Gulu ilisema ni ugonjwa wa neva. Una dawa za kuutuliza, hauna za kuumaliza. Atim alikuwa ameshaamua njiani: baba anahamia Kampala, chumba cha pili kinakodishwa, basi. Alipomwambia, mzee alijibu neno moja: "Siendi."

Jioni ile, wengine wakiwa jikoni, mzee aliivuta redio, akaiweka ilie tu bila kurusha hewani. Akaweka mkono wa kushoto kwenye kitufe. Ulikuwa mkono ambao haujawahi kugonga hata herufi moja. Alikosea, akarudia, akakosea tena. Atim alitaka kumsaidia, akajizuia.

"Ilimchukua muda mrefu sana. Alisema, nimeishi nyumba za serikali maisha yote, hii ndiyo ya kwanza yangu. Alisema, kaka yangu mlimpeleka mjini kwa matibabu, alirudi ndani ya sanduku. Halafu akasema, usinitoe hapa." Atim anapangusa macho kwa kiganja, hajali kwamba namwona. "Baba hajawahi kuniomba kitu. Nililia pale pale."

Hakumjibu kwa mdomo. Alichukua kitufe akampa sharti: Abalo atapiga habari zote za nyumbani, mzee akiwa pembeni yake kama mwenye leseni, lakini kabla ya kuagana lazima baba apige neno moja mwenyewe, kwa mkono wake. Jumapili asiposikika, Atim anakwenda kumchukua, na hakuna mjadala. Mzee akajibu: sawa.

Ndugu wengine wamemlaumu Atim. Binti gani anamwacha baba mgonjwa kijijini eti kwa sababu ya milio ya redio? Yeye hawajibu sana. Dawa anazituma kwa basi kila mwezi na kaka yake anampeleka mzee kliniki.

"Wanaweza kuwa na haki," anasema. "Mimi sijui. Labda Kampala angepata daktari bora. Lakini angekaa chumbani Kamwokya anasikiliza muziki wa watu, anangoja nirudi kutoka kazini. Kila Jumapili naogopa. Nikisema siogopi nitakuwa nakudanganya."

Kuna Jumapili moja neno halikuja. Kesho yake asubuhi Atim alikuwa kituo cha mabasi, tiketi mkononi, Abalo alipopiga simu kwamba radi ilikata waya na mzee mwenyewe alikuwa juu ya kiti akijaribu kuuunga. Alimfokea baba yake kwa simu mbele ya abiria wote. Mzee akasema yuko salama, haya, akakata.

Sasa Atim ana mipango miwili. Wa kwanza ni mtihani wa Abalo wa leseni, ili apige kwa jina lake mwenyewe na asiazime la mtu tena. Vitabu ameshampelekea. Wa pili anausema kwa sauti ya chini, labda kwa sababu Sylvanus hajausikia.

"Nataka nifungue kibanda Kitgum. Baba hataki kuja kwangu, basi mimi nitakwenda kwake. Spika zinaungua hata kule."

Anainua mkono ghafla, ninyamaze. Abalo amemaliza habari zake na ameaga. Hewani hakuna kitu. Wanafunzi wawili wanapita wakicheka, na Atim anabana vifaa vya masikioni kwa viganja vyote viwili. Mimi naangalia saa yangu, kisha naona aibu kuiangalia.

Halafu bega lake linashuka. Anaanza kuzitamka herufi kadiri zinavyofika, moja moja, na kati ya moja na nyingine pana nafasi ya mtu kuvuta pumzi. N. I. P. Hii ya P inakosewa, inarudiwa. O.

"Nipo," anasema Atim. "Amesema nipo."

Ananyoosha mkono kwenye kitufe ili aage, kisha anauzuia. Kituo cha kaskazini hakijanyamaza. Neno ni moja kwa mujibu wa makubaliano, na mkono ule wa kushoto umeshachoka, lakini bado unagonga. Atim anainama mpaka paji la uso linakaribia redio. U. M. E. Kimya kirefu. K. U. L. A.

"Ananiuliza kama nimekula," anasema, na safari hii hafuti machozi.

Tangu asubuhi hajatia kitu kinywani. Anaweka kidole kwenye kitufe na kumjibu baba yake ukweli, polepole, kwa mwendo ambao mzee ataweza kuufuata: bado.